Gemu nililipia mwenyewe. Lile toleo nililolipia liko wapi?

JaKondele (Kisumu) · Ijumaa, 3:47 usiku

Wadau, nina jambo limenikaba tangu Jumanne na hapa nyumbani hakuna wa kumweleza. Watasema mtu mzima analilia mchezo.

Mwaka 2022 nilinunua gemu moja ya kujenga reli na miji. Jina lake naliacha, sitaki kuitwa na wakili wa mtu. Nililipa kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, nikakatwa elfu moja mia saba na kitu. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 8, haina kadi ya picha ya maana, lakini gemu ilikuwa inateleza tu. Yote ilikuwa GB 9.

Humo ndani nimejenga reli ya Kisumu hadi Nakuru. Na si kwa kubahatisha. Mzee wangu alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na kila Jumapili baada ya chakula anavuta kiti nyuma yangu anasimamia ujenzi. Nikiruka stesheni ananishika bega: "Rudi. Kabla ya Muhoroni kuna Chemelil." Kwa hiyo tuna Kibos, Miwani, Chemelil, Muhoroni, Koru, Fort Ternan. Kipkelion ameikataa kabisa, lazima iandikwe Lumbwa kama enzi zake. Tulikuwa tumefika Londiani, tunatafuta namna ya kupandisha gari la mizigo hadi Mau Summit bila injini kuishiwa nguvu.

Jumanne stima ilipotea, ikarudi saa mbili usiku. Laptopu ikawaka, ikashika waifai, mimi nikaenda zangu kuoga. Kurudi nakuta gemu inajisasisha yenyewe. GB 31! Toleo jipya, mvua mpya, vivuli vipya, maji ya ziwa yanang'aa. Asubuhi nikabonyeza, skrini ikawa nyeusi, halafu mstari mmoja wa maandishi: kadi yako ya picha haitoshi. Basi.

Nikawaandikia walioitengeneza. Wakanijibu kwa upole sana kwamba toleo jipya ni zawadi kwa wateja wa zamani, kwamba sikutozwa hata senti, na kwamba lile la kwanza halitolewi tena. Kurudishiwa pesa, muda ulishapita.

Sasa niambieni. Ni kama ninunue kigoda pale Kibuye, nikikalie miaka kadhaa, halafu usiku seremala aingie kwangu achukue kigoda aache kochi. Kochi zuri, sikatai. Ila halipiti mlangoni. Na nikimuuliza kigoda kiko wapi, ananiambia nishukuru.

Kuna njia ya kurudi nyuma? Jumapili mzee atavuta kiti.

Bando_Imeisha (Bungoma) · 3:55 usiku

GB 31? Mimi nikiona sasisho la GB 2 nazima data, natoka nje, naangalia mahindi. Pole sana kaka.

CD_Kwa_Bei (Kisumu) · 4:02 usiku

Omera, unateseka bure. Pita kwangu kesho na flashi, nakuwekea toleo la zamani kwa soo mbili. Halitaki akaunti, halitaki intaneti, na halijisasishi hata ulibembeleze.

Msimamizi · 4:09 usiku

Biashara ya nakala za wizi hairuhusiwi hapa. CD_Kwa_Bei, hili ni onyo la pili.

JaKondele · 4:15 usiku

Sikuja kutafuta ya wizi. Ila mtaniwia radhi nikisema hapo ndipo panaponiuma. Asiyelipa ana toleo la zamani na anacheza. Niliyelipa ndiye nimekaa natazama skrini nyeusi.

Njoro_Msimbo (Njoro) · 4:31 usiku

Jioni njema. Mimi naandika programu kwa mshahara, kwa hiyo niruhusuni nisimame upande usiopendwa.

Kaka wa Kondele, pole, lakini hukununua kiti. Ulinunua tikiti. Yale maandishi marefu uliyoyakubali bila kuyasoma yanasema umepewa leseni ya kutumia, na kwamba mwenyewe anaweza kuibadilisha gemu. Karibu zote zinasema hivyo.

Na sababu zipo. Kila toleo unaloliacha wazi, kuna mtu atakuandikia barua kulihusu. Kampuni ya watu sita itajibu hitilafu za matoleo mangapi? Gemu za kucheza wengi nazo, wote lazima wawe kwenye toleo moja, la sivyo risasi yako kwako imempata na kwake imepita hewani. Kuna matundu ya usalama yaliyozibwa, huwezi kuyaachia wazi makusudi. Halafu kuna haki za muziki, hili watu hulisahau. San Andreas, ile tuliyokulia nayo kwenye saiba, ilitoka 2004. Novemba 2014 ile ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ilisasishwa na nyimbo kadhaa za redioni zikatoweka, kwa sababu ruhusa ya kuzitumia ilikuwa imekwisha. GTA IV ikapatwa na hayo hayo Aprili 2018. Hapo si roho mbaya ya mtu. Huwezi kuendelea kugawa wimbo ambao huna tena ruhusa nao.

Nyar_Dunga (Kisumu) · 4:44 usiku

Haya, iwe tikiti. Nikikata tikiti ya Kisumu–Nakuru, tukifika Kericho kondakta hawezi kuniambia kuna gari jipya limekuja, lina viti vya ngozi, ila wenye miguu mirefu hawaingii, shuka. Atanifikisha Nakuru na kale kagari tulikotoka nako.

Na mbona wengine wanaweza? Mimi nacheza Minecraft ya Java na wadogo zangu. Ukiifungua, kabla hujaingia unachagua toleo unalotaka, hata la zaidi ya miaka kumi iliyopita. Sisi tumekaa kwenye 1.12.2 ya mwaka 2017 kwa sababu modi zetu zote, zile nyongeza ambazo wachezaji hujitengenezea, ni za hilo. Hakuna aliyekuja kutubadilishia usiku.

Njoro_Msimbo · 4:50 usiku

Minecraft ni ya Microsoft, dada. Wana pesa ya kuweka vitufe.

Fundi_Jubilee (Kisumu) · 5:20 usiku

Nimefunga duka, sasa naweza kuandika.

Njoro, hapo kwa pesa sikubali. Gemu ya Factorio ni ya kampuni ndogo ya Prague na wanakupa matoleo yao ya zamani, kwenye tovuti yao na kwenye Steam. Stardew Valley aliiandika mtu mmoja peke yake, Eric Barone. Toleo la 1.6 lilipotoka Machi 2024 na kuvunja modi za watu, la 1.5 liliachwa pembeni kwa anayelihitaji. Mtu mmoja!

JaKondele, sikiliza kwa makini, na usikimbilie kubonyeza.

Kwanza, nenda kwenye folda ya sevu zako, yaani ulipohifadhi mchezo ulipofikia, inakili yote, iweke mahali pengine kabisa. Zima na ile hali ya kutuma sevu mtandaoni. Ukiishia hapo leo, bado umefanya kazi kubwa. Sevu ikishafunguliwa na toleo jipya na kuhifadhiwa tena, mara nyingi toleo la zamani haliwezi kuisoma. Gemu utaipata tena. Sevu ikipotea imepotea.

Pili, tafuta tawi, yaani toleo jingine lililoachwa pembeni. Kama unatumia Steam, bonyeza jina la gemu kwa kitufe cha kulia cha panya, ingia kwenye sifa zake, kuna sehemu imeandikwa Betas. Jina linadanganya, watu hudhani humo mna majaribio tu. Watengenezaji wengi huacha matoleo ya zamani humo. Kampuni ya Paradox ndio zao. Hata gemu ya risasi ya CS:GO, ilipofunikwa na Counter-Strike 2 tarehe 27 Septemba 2023, iliachwa humo kwa jina la csgo_legacy. Ukikuta orodha, chagua, acha ipakue, umemaliza.

Usipokuta kitu, kuna mlango wa nyuma, na ni halali kwa sababu unaingia na akaunti yako iliyolipia. Sasisho likitoka, kwa kawaida lile la zamani halifutwi kwenye ghala la Steam. Linakaa pale pale na namba yake, ila halina kitufe. Bonyeza Windows na R, andika steam://open/console. Utafunguka ukurasa wa kuandika amri. Andika download_depot, acha nafasi, halafu namba tatu: ya gemu, ya depo (fungu la mafaili yake), ya manifesti (orodha ya mafaili ya toleo moja). Namba hizo ziko kwenye tovuti ya SteamDB, utaangalia tarehe, uchague manifesti ya mwisho kabla ya hiyo Jumanne yako mbaya. Ukibonyeza Enter, usitegemee mstari wa kujaa. Itasema inapakua, kisha itanyamaza kimya kama mtu aliyekasirika. Wengi hudhani imekwama wanaizima. Usiizime. Ikimaliza itakwambia yenyewe, na mafaili utayakuta ndani ya steamapps, kwenye folda ya content.

Ungekuwa umenunua kwenye duka la GOG, ningeandika mistari miwili tu. Pale unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako, mwisho wa maneno. Na programu yao ya Galaxy inaweza kukurudisha toleo la nyuma.

Swali moja muhimu: tangu Jumanne hiyo gemu umeifungua kwenye mashine nyingine yoyote?

JaKondele · 5:33 usiku

Ndiyo fundi. Jumatano nilikwenda kwa jirani mwenye kompyuta ya nguvu nikaingia na akaunti yangu. Ilifunguka vizuri. Nikaendesha gari kutoka Koru hadi Londiani, nikafurahi, nikasevu.

Fundi_Jubilee · 5:36 usiku

Ukasevu.

JaKondele · 5:37 usiku

Nikasevu, fundi.

Bando_Imeisha · 5:38 usiku

Wueh.

Fundi_Jubilee · 5:41 usiku

Lala. Kesho angalia kwenye folda kama gemu ilikuwa inajihifadhia nakala zake yenyewe. Gemu za namna hiyo huwa na tabia ya kuweka mbili tatu za nyuma. Usifute chochote hata kama jina lake halieleweki.

Section58 (Nakuru) · Jumamosi, 2:10 asubuhi

Nimesoma uzi wote nikinywa chai. Mimi nina chumba cha PS hapa Nakuru, mashine tatu za PS4. Somo hili nililijua kwa hasara kabla yenu, kwa hiyo nisikilizeni.

Diski. Mimi nanunua diski tu, hata za mkono wa pili zenye mikwaruzo. Ukifuta gemu kwenye PS4, ukachomoa waya wa intaneti, ukasakinisha upya kutoka kwenye diski, unapata toleo lile lile lililochapwa kiwandani. Masasisho yote yaliyofuata hayapo. Kwa gemu za mpira hili ni jambo kubwa kuliko mnavyofikiria. Vijana wangu wanaolipia mechi kwa mechi wamezoea mpira wa krosi fulani, mshambuliaji anapiga kichwa, goli. Sasisho moja tu likaja likamfanya yule mshambuliaji awe mzito kama gunia la viazi. Siku hiyo nilikosa wateja hadi saa kumi. Kuna jamaa wa boda alidai nimebadilisha pad kwa makusudi ili afungwe.

Tangu hapo mashine moja haijawahi kuona intaneti. Naiita mtawa. Foleni yake ndiyo ndefu kuliko zote.

Na msisahau yaliyotokea 2023. Watengenezaji wake, EA, walipoachana na jina la FIFA, zile FIFA za zamani ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa amenunua alibaki na yake kwenye akaunti, lakini ukitaka kununua leo, huuziwi. Hapa kwangu ziko rafuni zimejipanga, na mteja akitaka ya zamani ananiambia tu mwaka.

Diski nayo ina mipaka yake, nisiwadanganye. Siku hizi kuna diski ambazo ndani mna kipande tu cha gemu, kingine kinavutwa mtandaoni. Hiyo ni kama kununua ufunguo ukidhani ni nyumba.

Nyar_Dunga · Jumamosi, 2:34 asubuhi

Gunia la viazi 😂 Huyo ni wa Nakuru kweli.

Mwalimu_Lurambi (Kakamega) · Jumamosi, 4:05 asubuhi

Habari za asubuhi wanangu. Sichezi gemu, ila nina mwana anayecheza, na masuala ya mikataba nimeyafundisha miaka mingi. Niongeze machache kwa Njoro_Msimbo.

Mwanangu, mfano wako wa tikiti ni mzuri, lakini tikiti huandikwa tarehe na mahali pa mwisho. Hizi za kwenu zimeandikwa "Nunua", kwa herufi kubwa, kwenye kitufe cha kijani. Jimbo la California huko Marekani liliona utata huo huo. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria yao inataka duka lisitumie neno la kununua kwa bidhaa ya kidijitali ambayo linaweza kuichukua tena, mpaka limweleze mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Steam waliweka tangazo la namna hiyo kwenye kikapu cha malipo hata kabla ya siku hiyo kufika. Kwa hiyo swali la JaKondele si la kitoto.

Mwana wangu amenieleza na habari ya gemu ya Warcraft III. Ilitoka 2002. Januari 2020 ikaletwa iliyofanyiwa ukarabati, na programu ya zamani ikafunikwa na mpya hata kwa wale ambao hawakununua ukarabati huo. Malalamiko yalikuwa mengi hadi kampuni ikafungua mlango wa kurudisha pesa. Kisha gemu ya The Crew ya kampuni ya Ubisoft: seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa gemu ilitegemea seva hata ukicheza peke yako, aliyenunua alibaki na jina tu. Kutoka hapo ukazaliwa mwito wa Stop Killing Games, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja mwaka 2025.

Kwetu sisi, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Hakitaji gemu, wala hakisemi toleo la zamani lazima litolewe. Ila neno "taarifa" lina uzito. Je, usiku ule kuna mahali JaKondele aliambiwa, kabla ya GB 31 kushuka, kwamba mashine yake haitaweza tena? Duka lilikuwa na uwezo wa kuijua mashine yake. Na kuhusu kuweka akiba, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu aliye na nakala halali ya programu kujiwekea nakala ya akiba. Nakala ya akiba, CD_Kwa_Bei. Si ya kuuza soo mbili.

CD_Kwa_Bei · Jumamosi, 4:11 asubuhi

Nimekusikia mwalimu 🙏

Njoro_Msimbo · Jumamosi, 5:48 asubuhi

Mwalimu, shikamoo. Hapo pa taarifa umenipata, sina jibu.

Naomba nigawanye maneno yangu. Gemu ya kucheza wengi, bado nasimama nilipokuwa. Lakini gemu ya mtu kucheza peke yake, na reli yake na babake, hakuna sababu ya kiufundi ya kumfungia toleo la nyuma. Kazini kwetu kila toleo tulilowahi kutoa liko kwenye hifadhi yetu, lina lebo yake. Kuliweka kama tawi ni kazi ya mchana mmoja. Linaloogopwa ni barua. Mtu achague toleo la zamani, likatae kufunguka, akuandikie kwa hasira. Basi weka maandishi mekundu: hili halina huduma, shauri yako. Watu wazima wataelewa.

Kuna na jambo jingine ambalo sisi waandishi wa programu hatupendi kulisema. Mashine ninayojaribia mimi ina RAM GB 32. Yenu ya mtumba siioni. Nikiongeza kivuli kwenye maji ya ziwa, kwangu hakuna kilichopungua.

Nyar_Dunga · Jumamosi, 6:02 mchana

Na wakitaka wanarudisha. Mwaka 2021, kabla ya zile GTA tatu zilizotiwa rangi upya kutoka tarehe 11 Novemba, za zamani zilikuwa zimeshatolewa madukani. Mpya zikaja na makosa kila kona, hadi mvua inakuziba macho. Kelele zikapigwa, Rockstar wenye gemu hizo wakaomba radhi na kurudisha za zamani kwenye duka lao la kompyuta mwezi huo huo. Ghala lilikuwa limejaa siku zote.

JaKondele · Jumamosi, 1:25 usiku

Naripoti kutoka Maseno. Nimekuja kwa binamu yangu chuoni kwa sababu waifai ya hapa ina nguvu, na ya kwetu tangu zile GB 31 inatembea kwa magoti.

Tawi: hakuna. Nilifungua ile sehemu ya Betas, orodha ina neno moja tu.

Mlango wa nyuma: upo! Manifesti niliipata, tarehe yake ni ya wiki mbili kabla ya balaa. Nikaandika amri, nikabonyeza, kimya. Fundi, ulisema kweli, nusu saa nzima nilikuwa natazama mstari mmoja usiosonga huku binamu akiniuliza kama nina uhakika. Nikaenda kula. Kurudi nakuta imeandika imekamilika. GB 9 zile zile. Nilizihesabu kama mtu anayehesabu chenji.

Tatizo: flashi yangu ni ya GB 32, iko tupu, na inakataa. Inasema faili ni kubwa mno. Faili lenyewe ni GB 5. Matatu ya mwisho ya kurudi Kisumu inajaa.

Fundi_Jubilee · Jumamosi, 1:31 usiku

Hiyo flashi iko kwenye FAT32, muundo wa zamani wa kupanga mafaili. Haibebi faili moja linalozidi GB 4, hata kama nafasi ipo tele. Ifomati upya, chagua exFAT. Dakika moja. Kama kuna kitu ndani kitoe kwanza.

Bando_Imeisha · Jumamosi, 1:33 usiku

Mwambie dereva wa matatu asubiri, kuna reli inapakiwa.

JaKondele · Jumamosi, 1:52 usiku

Imekubali. Niko ndani ya gari, flashi iko mfuko wa ndani na mkono uko juu yake.

JaKondele · Jumapili, 11:40 jioni

Haya, mrejesho kamili.

Nimefungua gemu kwa faili lake lenyewe kwenye folda, si kupitia duka, na waifai nimezima. Imewaka. Vivuli vibaya vile vile, maji ya ziwa rangi ya chai ya maziwa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Sevu ya Jumatano, ile ya kwa jirani, imekataa kama fundi alivyotabiri. Inasema imetoka kwenye toleo la mbele. Lakini kwenye folda kulikuwa na mafaili matatu yenye majina ya ajabu ajabu, na la katikati limefunguka. Ni la wiki tano zilizopita. Reli inaishia Koru. Fort Ternan, Lumbwa, Londiani, zote hakuna, ni kichaka kitupu.

Mzee akavuta kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, hata maneno nilishayapanga. Akatazama pale reli inapokatikia, akavua miwani akaifuta, akairudisha. Akasema afadhali, kile kipinda cha kuingia Fort Ternan kilikuwa kimekaa vibaya na nilikataa kumsikiliza. Tumekijenga upya leo. Amekisimamia kwa kidole kwenye skrini, sasa ina alama ya ugali.

Fundi_Jubilee · Jumapili, 12:05 jioni

Vizuri. Sasa nakili hiyo folda mara mbili, moja ikae nje ya nyumba. Na kule dukani weka gemu isisasishwe mpaka utakapoifungua wewe, halafu usiifungue kupitia huko.

Section58 · Jumapili, 12:20 jioni

Ukija Nakuru pita kwangu, nikuonyeshe mtawa.

Mwalimu_Lurambi · Jumapili, 1:15 usiku

Mpe mzee salamu zangu. Mwanangu anauliza kama hiyo gemu ina Butere pia, kwa sababu lile tawi la kutoka Kisumu nalo ni la reli.

Njoro_Msimbo · Jumapili, 2:03 usiku

Na mwambie mzee akishuka Molo asiruke Elburgon. Baada ya hapo ni kwetu.

JaKondele · Jumapili, 2:30 usiku

Nimemsomea. Kuhusu Butere amesema mwalimu asubiri, gari moja kwa wakati. Kuhusu Njoro anasema kwa kasi yangu mtafikiwa Krismasi, na anataka kujua kama ile miti mikubwa karibu na stesheni bado ipo au mlishaikata.